Mpira Niliomshushia

Sipendi kusifiwa mikono. Mtu akiniambia, kapteni, mikono yako ina akili, mimi hubadilisha mazungumzo, nikauliza kama kwao mvua imenyesha. Nimecheza voliboli katika timu yetu ndogo ya wanawake hapa Nairobi kwa miaka kumi na mitatu. Mimi ni seta, yule anayesimama karibu na wavu na kuuinua mpira juu ili mwingine aruke aupige. Makofi humwendea aliyepiga. Sikuwahi kulalamika, kwa sababu kwa muda mrefu aliyepiga alikuwa rafiki yangu.

Sote wawili tulitoka magharibi mwa Kenya. Tulichukiana kwenye mashindano ya shule za sekondari, tukapendana mjini. Yeye alikuwa msusi katika saluni moja kule mtaa wa Satellite, mimi karani katika ofisi moja katikati ya jiji. Mazoezi tulifanyia Kileleshwa, kwenye uwanja wa shule wenye udongo mwekundu ambao soksi haisahau. Alikuwa mrefu, mwenye maneno mengi, na akiruka kupiga, wapinzani waliinamisha vichwa kabla mpira haujafika. Watu wa boda boda walizima pikipiki nje ya ua ili wamtazame.

Kisha akaumia goti. Alirudi baada ya miezi minane, na siku ya kwanza nilimwekea mpira palepale nilipozoea. Mkono wake ukapita chini ya mpira, ukapiga hewa. Akacheka, akasema kiatu kimeteleza. Mpira wa pili nikauweka chini kidogo, kama upana wa kiganja. Akaupiga ukazama. Timu nzima ikashangilia, na mimi nikashangilia kuliko wote.

Hilo ndilo kosa langu, na ni seta peke yake anayeweza kulifanya. Mpira wa chini hufika haraka, na wapinzani hawana nafasi ya kupanga ukuta wa mikono. Kwa hiyo aliendelea kufunga pointi, tena nyingi. Hakuna aliyeshtuka, hata kocha wetu, mwenye macho ya mwewe kwa mtu aliyechelewa mazoezi dakika mbili. Miezi ikapita, nikashusha tena kidogo, na tena kidogo.

"Goti limepona kabisa, si unaona?" aliniuliza siku moja tukifunga kamba za viatu.

"Naona," nikasema. Nikaendelea kuona hivyo kwa miaka miwili.

Mwaka jana timu moja kubwa inayofanya mazoezi Parklands ikamtaka. Mpigaji wao alikuwa mjamzito, na mashindano yalikuwa yamekaribia. Timu ile ni ya kampuni, na wachezaji wake hupewa kazi. Rafiki yangu angepewa kazi ya mapokezi, kwanza kwa miezi mitatu ya majaribio, halafu ya kudumu. Sisi tungepewa wasichana wawili waliotoka shule juzi, ambao kwao hawakuwa wanapata nafasi ya kucheza.

Tulikutana Jumamosi mchana katika hoteli ya chai ya ghorofani, mjini: kocha, mwenyekiti wetu ambaye ni mwalimu mstaafu, na mimi. Mwenyekiti hakutaka kabisa.

"Ng'ombe unakamua kila siku, unampeana upate ndama mbili? Ati kwa sababu ndama zinaruka-ruka?"

"Ndama hukua, Mwalimu," kocha akasema. "Hawa wasichana wako na miaka kumi mbele yao. Huyu wetu ako na ngapi?"

"Ako na ya leo. Na mechi ni ya leo."

Wakabishana hadi mandazi yakaisha. Ndipo wote wawili wakanigeukia. Timu yetu ina desturi ya tangu zamani kwamba mchezaji haachwi wala haletwi kabla seta hajatoa neno. Waliotutangulia walisema seta anamjua mpigaji kuliko mama yake anavyomjua.

"Kapteni," kocha akasema, "wewe ndiye unajua. Mkono yake bado iko?"

Nilikoroga chai iliyokwisha kupoa. Nikisema ukweli, kazi ile ingefia pale mezani, na aibu ingefika Satellite kabla yangu. Nikinyamaza, angekwenda kwa seta asiyemjua. Hayo niliyapima, sitasema sikuyapima. Lakini lipo la tatu, na hilo naona haya kuliandika. Nilikuwa nimechoka kudanganya. Wiki ile nilikuwa nimewainulia wale wasichana mipira kwenye majaribio, nikawaona wakiruka, na mikono yangu ikasikia raha iliyokuwa imeisahau, ya kuutuma mpira juu bila kupima. Niliwataka.

"Mkono uko sawa," nikasema.

Na kweli mkono ulikuwa sawa. Habari za miguu hawakuniuliza.

Nilikwenda saluni kumpa habari mwenyewe. Alikuwa akimsuka mteja, na nilipomaliza kusema aliachia nywele akashika mdomo. Mteja naye akageuza kichwa ili asikie vizuri.

"Mimi? Kazi ya kukaa kwa kiti?" Akacheka, akafuta macho kwa mkono wenye mafuta ya nywele. "Wee, usinichezee." Halafu akanitazama kwenye kioo. "Lakini wewe ungeniambia, ama? Kama siwezi tena, ungeniambia."

"Ningekuambia," nikasema.

Nimedanganya watu wengi katika maisha yangu, wakiwemo mapadri wawili. Hakuna uongo uliotoka mdomoni mwangu kirahisi namna ile.

Kwetu, mchezaji anayeondoka hufua jezi za timu nzima kwa mkono, mara ya mwisho, kisha anazigawa moja moja. Siku ya kufua nilipanda naye juu ya paa la nyumba anayokaa. Alisugua kola zote zilizojaa vumbi lile jekundu, akiimba nyimbo za kanisani na kunisimanga kwamba jezi yangu haina jasho kwa kuwa mimi husimama tu na kuelekeza watu. Niliinamisha kichwa nikawa nakamua maji. Alipofika kwenye jezi yake mwenyewe aliianika katikati ya zote, akarudi nyuma kuitazama. "Mpe yule mrefu wa wale wapya," akasema. "Na umwinulie vizuri kama ulivyoniinulia mimi." Nilitaka kusema pale pale. Badala yake nikamwaga maji ya beseni.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Haikuchukua hata wiki tatu. Siku ya mechi yake ya kwanza na timu mpya, timu yetu haikuwa na mechi, kwa hiyo tulikwenda Parklands kumshangilia, na wale wasichana wetu wapya tulikwenda nao. Nilikaa mstari wa mbele. Seta wao ni fundi, simlaumu. Alimwekea mpira mahali mpira unapostahili kuwekwa. Rafiki yangu akaruka, na mkono ukapita chini. Wa pili vilevile. Wa tatu ukamgusa ncha za vidole ukaanguka upande wao, na mtu mmoja nyuma yangu akacheka. Nikageuka nikamwambia afunge mdomo, kwa maneno ambayo sitayarudia hapa.

Seta wao alimfuata, akamuuliza kitu. Nilijua anauliza nini, anataka mpira uwe wapi. Nikaona rafiki yangu anainua mkono kumwonyesha, na mkono ukaishia hewani, kwa sababu hakujua. Kwa miaka miwili mpira ulikuwa unamfuata ulipo mkono wake. Akageuka polepole, akanitafuta mimi kwenye viti. Nilitazama viatu vyangu.

Alitolewa, hakurudishwa. Baada ya mechi nilimngoja langoni.

"Ulikuwa unanishushia," akasema. Hakupaza sauti.

"Ndio."

"Tangu lini?"

"Tangu goti."

"Nani mwingine alijua?"

"Hakuna. Mimi tu."

Akatikisa kichwa. "Kiti yangu kwa saluni nimeachia mtu, na wewe unajua. Ungeniambia tu, dada. Ningelia siku mbili, halafu ningekuwa kocha wa watoto, ningekuwa mtu anajijua. Sasa hata zile pointi zote sijui ni gani zilikuwa zangu."

Zilikuwa zake, maana aliyeruka na goti lile ni yeye, lakini ningemwambiaje hayo, nami ndiye niliyemnyang'anya.

Miezi mitatu ilipokwisha hawakumwongeza. Kiti chake cha saluni kilikuwa kimeshapata msusi mwingine. Siku hizi anasuka watu majumbani mwao, Kileleshwa, kwenye maghorofa yanayotazama uwanja wetu. Tukikutana ananisalimia, "Sasa," nami ninajibu, "Poa," kisha anapita na mkoba wake wa vitana. Hajawahi kusimama kututazama. Nimempigia simu mara nyingi. Hupokea, husikiliza, husema sawa.

Wale wasichana wawili ni wazuri kuliko tulivyotarajia. Mwenyekiti amesahau kabisa maneno yake ya ng'ombe, sasa anajisifu kwamba yeye ndiye aliyewachagua. Alhamisi iliyopita nilikuwa namwinulia yule mrefu, mwenye jezi ya rafiki yangu. Mpira wa kwanza aliupiga akiwa amejikunja, kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Wa pili pia. Wa tatu aliudaka.

"Kapi, unaniwekea chini sana," akasema. "Mimi nafika juu."

Nikasema sawa. Nikamwinulia tena, na nikauona mwenyewe ukisimama palepale, chini. Akaudaka tena, akanitazama bila ubaya wowote.

"Nani alikuzoesha hivi?"

"Hakuna aliyenizoesha," nikamwambia. "Ni mimi niliyemzoesha mtu."

Hakuelewa. Akanirushia mpira, nikajaribu tena.