Walipoukataa Mji Wangu

Siku hizi za vita, bunduki zikilia kule Kinama, shule za huku mtaani kwetu Buyenzi zinafungwa na wajukuu wangu wanashinda sebuleni wakitegana vitendawili. Aliyeshindwa anaambiwa, "Nipe mji." Nikilisikia neno hilo, ndugu zangu, kifua kinanipanda. Bibi mzima mimi, na hasira ile bado mbichi.

Nyumbani kwetu, enzi za Wabeljiji, mji huu ukiitwa Usumbura, miji haikutolewa ovyo. Kwingine mtoto akishindwa kitendawili alisema tu nakupa Tabora, yakaisha. Baba yangu, Juma fundi magari, alikuwa na sheria yake: jina usilitaje. Eleza mji ulivyokaa na yaliyoupata, mwenzako autambue. Akishindwa, unabaki nao. Basi tukawa tunaokota miji kama kuni. Mimi na rafiki zangu, Mwamini, Hawa na Asha binti Salumu, tulijibanza kwenye gereji ya baba, grisi ikitunukia kuliko udi, tukiwasikiliza Mzee Hamisi dereva wa lori na Bwana Feruzi, aliyekuwa askari akafika hadi Misri.

Mwaka mmoja baba akatangaza kwamba kati yangu na kaka yangu Saidi, mmoja ataingia shule: atakayemshinda mwenzake kwa miji siku ya Idi. Niliitaka shule ile, jamani. Nikitumwa sokoni nilizunguka makusudi nipite dirishani pake, nisikie watoto wakiimba herufi.

Idi ikafika. Baada ya pilau tukakalishwa mkekani, mwamuzi akiwa baba mdogo Kasimu, karani, na kitabu chake cha jografia mapajani. Saidi akanipa mji wa vilima saba, ulioanzishwa, wanavyosema, na mtoto aliyenyonya mbwa mwitu. Nikamwambia Roma kabla hajameza mate. Akanipa unaokunywa maji ya mto ambao mwanzo wake uko hata milimani kwetu. Kairo, nikasema. Nami nikampa uliokanyaga mabara mawili, bahari ikipita katikati, wafalme wa Kirumi wakaukalia, kisha masultani. Akajibu Makka. Watu wakacheka, mama akanikonyeza. Ilikuwa Istambuli.

Ndipo nikampa wangu wa mwisho. Mji ulioko kichwani mwa ziwa refu, jua lake linazama nyuma ya milima ya Kongo. Wadachi, yaani Wajerumani, walipiga kambi hapo, Wabeljiji wakawatoa. Viboko wa mto Rusizi wanakuja kula mboga za watu. Wenyeji wa mtaa mmoja wametoka Ujiji, Uvira na Manyema, wanasema Kiswahili, na milima yote juu yao inasema Kirundi. Saidi akatazama dari. Hakuutambua, na ameketi ndani yake!

"Ni hapa," nikasema. "Usumbura."

Baba mdogo akafunga kitabu. "Huu si muji, mutoto wangu. Ni kambi ya Wadachi imeota maduka. Muji uko mu kitabu. Huu auko."

"Sasa sisi tunakaa wapi, ba'mdogo?"

"Tunakaa Buyenzi," akajibu, na wakubwa wakacheka hadi vikombe vikagongana.

Akaamua kwamba nimedanganya, kwa hiyo Saidi ndiye ataingia shule. Nikamgeukia baba. Yeye alikuwa anachokonoa grisi kwenye kucha, hakuinua uso.

Nilikuwa nimeshazaa, nanyonyesha kifungua mimba wangu, mama aliponiambia. Kaptula ya shule ya Saidi ilishonwa na fundi Yusufu kabla hata ya mwezi wa Ramadhani, ikafichwa chini ya godoro. Mashindano yale yalikuwa ya kuninyamazisha tu. Ningewatajia miji yote ya dunia, wangenitafutia kosa katika mmoja.

Afadhali wangeniambia wazi, we ni binti, utabaki jikoni. Ningelia, lakini ningejua ni nani wa kumkasirikia. Wao wakaniambia mji wangu si mji, nami nikawaamini. Miaka na miaka niliudharau, nikamwambia kila aliyehamia Kigoma kwamba anafanya vizuri, hapa si mahali. Nimekuja kuupenda nikiwa mzee, na sasa wenye bunduki wanaubomoa mtaa kwa mtaa mbele ya macho yangu.