Mabua ya Siku ya Ishirini na Moja

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na saba asubuhi nilipovuta turubai, na mpaka leo nikipita hapa mtaani Picha ya Ndege najua kuna watu wanacheka nikishawapa kisogo, wala siwalaumu.

Mabua ya mahindi niliyatengeneza mwenyewe kwa ajili ya ng'ombe wangu, Tausi: kilo mia moja, yamekatwakatwa, yamenyunyizwa kilo nne za urea, mbolea inayoyalainisha, iliyoyeyushwa kwenye lita hamsini za maji (nilipima kwa mizani, sikukadiria kwa kopo), nikayashindilia shimoni, nikayafunika kwa turubai yasipate hewa, na daftarini nikaandika: yafunguliwe siku ya ishirini na moja. Siku hiyo ikaangukia Jumamosi ya wageni wa Kisarawe, waliokuwa wanaleta posa ya binti yangu Zuhura.

"Baba Zuhura, si ufungue kesho?" mke wangu aliniuliza.

"Ishirini na moja si ishirini na mbili."

Mshenga, Mzee Shomari, akaingia uani na barua ya posa imefungwa kwenye leso nyeupe pamoja na hela ya kufungulia barua, na mimi, kwa kuwa nilisikia naye anafuga, badala ya kumkaribisha ndani nikampeleka na wenzake wawili moja kwa moja shimoni, nikawasogeza karibu kabisa, nikavuta.

Hewa iliyotoka ilituingia machoni kama pilipili.

"Lahaula! Mkwe, umetuwekea nini humu?" Mzee Shomari akafungua leso afute machozi, barua na noti zikadondoka, wote tukakimbilia jikoni tukipapasa ukuta.

Tulipoanza kuona tena, Tausi (nilimfunga pale ili wageni waone anavyoyafurahia mabua) alikuwa anatafuna. Mabua hakuyagusa. Kilichokuwa kinaishilia mdomoni ni kona ya barua; noti zilikuwa zimeshatangulia.

Bila barua hakuna posa, na wale wangeweza kurudi Kisarawe wasionekane tena.

Mzee Shomari akamtazama Tausi, macho mekundu. "Huyu kakubali. Tumebakiza binti."

"Na mimi nimekubali!" Zuhura akapaza sauti dirishani, kabla hajaulizwa na mtu, majirani wakasikia.

Barua nyingine ililetwa Jumamosi iliyofuata. Mimi jioni ya siku ile ya turubai nilifungua ukurasa wa pili wa daftari: "Yakifunguliwa, yaachwe wazi siku nzima, hewa kali itoke." Mwandiko ni wangu. Jumapili jioni nikampa Tausi kidogo, akala bila kuinua kichwa.

Sasa mgeni wangu anaanzia sebuleni, anakunywa chai, na shimo halimhusu. Noti zilizoliwa nilifidia mwenyewe: shilingi elfu hamsini.