Honi Niliyoipiga Kwenye Ukungu

Mnicheke mkitaka, mimi bado sijacheka. Wiki iliyopita mjukuu wangu Neema alinipakia kwenye gari lake kutoka Njombe kwenda Makambako, kumzika mume wa Mama Tuli, rafiki yangu wa kwaya tangu usichana. Nilivyojua mimi, maiti ilikuwa imeshafika nyumbani tangu jana yake.

Njiani ukungu ulikuwa mzito. Nyuma yetu yakatokea magari mengi, indiketa zote zinawaka, kulia na kushoto. Neema akasogea pembeni na kusimama ili yapite.

"Harusi hiyo! Wapigie honi," nikamwambia.

"Bibi, tuone kwanza. Mbona wenyewe hawapigi?"

"Wewe umejifunza gari juzi. Mimi nimecheza harusi mama yako hajazaliwa!"

Mdomo wangu huu hauna breki. Nikanyoosha mkono nikaibonyeza honi mwenyewe, pii pi-pi pii, kisha nikashusha kioo, nikatoa kichwa nje na kupiga vigelegele mpaka kilemba kikadondoka.

Gari la kwanza likapunguza mwendo, likasimama ubavuni kwetu. Nyuma yake ilikuja pikapu, na juu yake nikaona msalaba na jeneza. Kioo cha gari la mbele kikashuka. Ndani alikuwa Mama Tuli, kanga kichwani, macho yamevimba. Mimi mdomo bado uko wazi.

"Kamwene, dada," akanisalimia taratibu. "Gari lilituharibikia jana, ndiyo kwanza tunampeleka. Nyamaza sasa, tukamzike."