Picha Isiyo na Miguu

Kila anayeanza kupiga picha ana ugonjwa mmoja: huona kila kitu kinafaa kupigwa isipokuwa kile alichotumwa. Mimi nilitumwa uso wa bibi yangu. Nikapiga jua likizama, nikapiga mkarafuu, nikampiga jogoo wa jirani akiwa juu ya ukuta, na mkanda ukaisha.

Uso wa bibi uliagizwa na mjomba wangu, mtoto wake wa kwanza, aliyevuka kwenda Maskati miaka michache baada ya Mapinduzi, hata ndevu hazijamwota. Wakati ule haukuwa wa kwenda na kurudi, na baadaye mambo yalipolegea, karatasi zake zikawa hazikai sawa. Sisi huku Kengeja tulijuliana naye hali kwa kanda. Tunazungumza mbele ya redio kaseti, kanda inatafutiwa msafiri, na baada ya miezi inakuja ya kwake. Sauti zetu anazo, lakini bibi alikuwa hajapigwa picha maishani mwake. Ndipo mjomba akaleta kamera, na kanda yenye maneno haya: "Nipigieni mama. Uso wake unanipotea."

Kamera nikapewa mimi kwa kuwa nilikuwa nikisomesha skuli, na kwetu mwanamke aliyeshika chaki hukabidhiwa kila chenye kitufe. Nikaivaa shingoni hata siku ambazo ndani hamna mkanda. Nilikuwa nikifumba jicho silo. Nilikuwa nikiwaamrisha watu watulie na wasipumue, na mtu aliyekuwa akicheka sasa hivi anakakamaa, mikono mapajani, uso umemjaa msiba. Picha ikitoka mbaya, kosa ni la jua, au la mkanda, au la yule anayesafisha picha mjini Chake. Ikitoka nzuri, hata kwa bahati, naizungusha nyumba kwa nyumba. Mpenda chongo huita kengeza, na mimi chongo zangu nilizipenda sana.

Siku ya bibi ilipofika, nyumba nzima ilihangaika. Mama yangu alimvisha kanga mpya, gwanda isiyowahi kufuliwa, tena mwanzo wa kukunjuliwa. Jirani alileta kiti chake cha mkono na maua ya plastiki. Saa ya ukutani iliteremshwa ikawekwa kwenye kigoda pembeni, maana picha isiyo na kitu cha thamani ndani yake ilikuwa kama kumuaibisha mwenyewe. Na juu ya yote, miguu. Kwetu picha ilikuwa lazima ionyeshe miguu. Aliyekatwa magotini au kiunoni watu walimsikitikia, wakasema nuksi, huyu hafiki mbali. Basi nikarudi nyuma nipate miguu, nikarudi tena nipate saa, nikarudi tena nipate paa la nyumba, mpaka mgongo ukaingia kwenye mihogo.

Lakini sikurudi nyuma kwa ajili ya miguu tu, na hili nililijua palepale. Sisi tumelelewa kuwa mtu mkubwa hatizamwi usoni. Ukisema naye unainamisha macho, ukimpa kitu unatizama mikono yake. Nilikuwa nimekaa na bibi tangu kuzaliwa, naijua mikono yake kila mshipa, na ungeniuliza nyusi zake zikoje ningekwama. Sasa eti nimkodolee macho, tena nikiwa nimefumba jicho moja. Kule kwenye mihogo nilijiona nina adabu.

Picha ilipotoka niliipenda kupita kiasi. Kila kitu kilikuwamo. Mnazi ulikuwa umemwota bibi kichwani, lakini hilo sikuliona mimi wala hakuliona mtu mwingine. Tukaipatia msafiri.

Kanda ya mjomba ilipokuja tulikusanyika ukumbini kuisikiliza, bibi kwenye mkeka karibu na redio. Mjomba akasalimia mmoja mmoja kama kawaida yake, akashukuru sana. Kisha akasema: "Saa nimeiona, na wakati wake nimeusoma. Mpera wa mlango wa jikoni nimeuona, kumbe bado upo. Mama ndiye niliyemtafuta. Pale penye uso pana kivuli cha kanga na kitu kidogo kama punje ya mtama. Nimeazima miwani ya watu, na bado sikumwona."

Hakuwa amelaumu. Laiti angelaumu. Mama yangu akajishughulisha na kukunja mkeka ambao watu wamekalia. Mimi nilitamani ile kamera itumbukie kisimani, na nikaanza kusema jua siku ile lilikuwa kali, asiyejua kucheza husingizia uwanja. Bibi akanyanyuka, akaenda zake jikoni.

Nilimfuata baadaye na kamera. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, kajifunga kanga kuukuu iliyopauka, na mwanga wa mlangoni unampiga shavu moja. Nikamwomba radhi, nikamwambia safari hii itabidi nisogee sana.

"Sogea," akasema.

"Na miguu ntakukata, bibi."

Akaacha kukuna. "Miguu ya nini? Kwani mie ntakwenda Maskati kwa miguu?"

Nikapiga magoti kwenye majivu, karibu hata nikasikia harufu ya nazi mikononi mwake. Nikaona nyusi zake: chache, nyeupe, moja imekatwa na kovu la zamani ambalo sikuwahi kulijua. Nikaona macho yameanza ukungu. Niliona haya, na nilihuzunika, na sikuacha kutizama.

Bibi naye alikuwa akiichunguza kamera. "Mwanangu atanionea kwenye kijicho hichi?"

"Ndicho hicho, bibi."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaweka sawa mtandio, akakitizama kile kioo, mimi nyuma ya kamera kama sipo. Nilisahau kumwambia atulie. Akaanza kusema nacho, kwa sauti ndogo: "Hujambo mwanangu? Kula unakula?" Nikabonyeza hapo hapo, mdomo wake uko wazi. Kwa sheria zote nilizokuwa nikizijua, picha imeharibika.

Tukaituma hivyohivyo. Jirani aliyetuazima kiti alipoiona aliguna, akauliza tumekosa nini hata tumpeleke bibi wa watu Maskati nusu nusu.

Kanda iliyokuja ilianza kwa "Shikamoo mama," kisha ikawa kimya. Utepe ulikuwa ukizunguka, tunauona kwenye kidirisha, lakini mlikuwa hamna neno, ila mtu anayevuta pumzi na kuikata. Mama yangu akadhani imeharibika, akanyoosha mkono aizime.

"Wacha," bibi akasema, akamshika kiganja.

Akasogea mpaka magoti yake yakagusa redio, akainama kidogo.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akakaa kumsubiri aendelee.