Miss Donna, nimechelewa kukujibu

Jamani, kichwa changu kimekataa kabisa. Jumanne Miss Donna kanitumia text, Ijumaa naambiwa hayupo. Moyo, wamesema. Amefia usingizini, kwake Mesquite, mji wa jirani.

Text yenyewe ilikuwa fupi: "Umeamua kuhusu Keisha?" Niliisoma. Sikujibu.

Mnaonijua mnajua huwa siandiki kitu hapa. Leo nivumilieni.

Kwa wasiomjua: mzungu, miaka sabini na kitu, alistaafu kupika kantini ya shule. Kanisa letu la Wakongomani tunakodi jengo la kanisa lao, tunaingia saa nane mchana wao wakishatoka. Wenzake walikuwa wanaondoka na magari yao. Yeye alikuwa anabaki na sisi.

Keisha ni wa darasani kwetu, Mmarekani mweusi, analelewa na bibi yake. Walipigana na mvulana mmoja kwenye corridor, na ni Keisha peke yake anayetakiwa kuhamishiwa shule ya watukutu. Kikao ni Alhamisi. Mimi niliona nani alianza.

Miss Donna alikuwa anamsindikiza bibi yake Keisha kwenye vikao. Aliniambia, "Mimi sikuwepo, siwezi kuona kwa niaba yako. Ukitaka kusema, nitakaa na wewe. Usipotaka, bado nitakupenda."

Baba aliposikia akasema, "Sisi ni wageni hapa. Mambo ya Wamarekani weusi tuwaachie wenyewe." Nikashukuru. Kweli, nilishukuru kupata sababu.

Siku ya kwanza kumjua nilikuwa na miaka kumi na tatu. Kwenye duka moja pale mtaani kwetu Vickery Meadow, mlinzi alinifuata toka kwenye shampoo mpaka kwenye mkate.

Miss Donna alikuwa nyuma yangu. Hakupiga kelele. Alinisogelea akauliza taratibu, "Unataka nikae na wewe, au nikuache?"

Nikasema kaa. Mlinzi alipokuja tena, Miss Donna akamfungulia mkoba wake wazi. "Anza na mimi, sir. Wangu ndio mkubwa." Mlinzi akaenda kuangalia maziwa, haha.

Darasa la tisa niliitwa ofisini kwa sababu mwalimu akinisema naangalia chini. Wakaandika ni dharau. Kwetu kumkodolea mtu mzima macho ndiyo dharau!

Mama alikuja moja kwa moja kutoka warehouse, na vest yake ya njano, na mimi ndiye nikawa mkalimani wa kesi yangu mwenyewe. Naungama hapa, Mama unisamehe: nilikwambia ile ni karatasi ya mahudhurio tu. Nilitaka yaishe. Mama ukasaini kwamba mtoto wako amekosa.

Nilipomweleza ukweli, Miss Donna hakunigombeza. Alirudi na sisi shuleni. "Mtoto hatafsiri kesi yake," akamwambia assistant principal. "Leteni mkalimani. Tunangoja."

Tulingoja saa mbili nzima. Mkalimani alipofika, Miss Donna hakuongea tena. Aliandika tu, kila neno na nani kalisema. Karatasi ile ikafutwa.

Lakini hakuwa malaika. Kuna Jumapili mtu wa kanisa lao aliniuliza natoka wapi, akajibu Miss Donna. Hadithi yote, vita na kambi. Nilinuna wiki mbili.

Akaja mlangoni kwetu. "Nilisema kitu ambacho ni chako. Sitarudia." Hakulia ili nimbembeleze. Na hakurudia.

Ana kaka Houston. Sikukuu moja ya Thanksgiving, mezani, kaka yake alianza maneno juu ya watu weusi. Miss Donna akamwambia aache, mbele ya wajukuu. Toka siku hiyo hakualikwa tena.

Nilimuuliza kwenye gari kama anajuta. "Nikinyamaza kwa kaka yangu," akasema, "kwenu nakuja kufanya nini?" Akaongeza sauti ya radio. Nadhani hakutaka nione uso wake.

Sasa Jumamosi mama zetu wakafanya la kwetu. Wakapika wali, maharage na sombe, yaani kisamvu, wakapakia viti vya plastiki kwenye van, tukaenda Mesquite kukaa matanga. Hakuna aliyefikiria kupiga simu. Nani anapiga simu kuuliza kama kuna matanga?

Mlango umefungwa. Hakuna anayelia. Jirani akatuambia mwili umepelekwa Houston, kaka atafanya service ya mazishi, ya familia tu.

"Lakini, familia njo nani?" Maman Furaha wa kanisani kwetu akauliza.



"Na hii chakula yote?" mama mwingine akauliza.

"Tutakula hapa. Kilio ni kilio."

Tukapanga viti kwenye parking, watu kumi na mmoja, sahani mapajani. Wote walikuwa na jambo la kusimulia juu yake. Mimi nilikuwa na ile text mfukoni.

Miss Donna, jibu langu ni ndiyo.

Yule mvulana alimvuta Keisha nywele kutoka nyuma. Akamwita lile neno la kuwatukana watu weusi, mara mbili, anacheka. Ndipo Keisha akamsukuma. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu.

Naandika hapa mbele ya watu ili nisipate pa kurudi. Baba amesoma kabla sijapost. Ameniuliza tu kikao ni saa ngapi.

Bibi yake Keisha nimempigia. Sauti ilinitetemeka, akaniambia, "Take your time, baby." Nikasema mpaka mwisho.

Na ninyi wa shuleni mnaonitumia mioyo na "sorry for your loss" tangu Ijumaa, asanteni. Lakini corridor ile ilikuwa imejaa. Wengine mlikuwa karibu kuliko mimi. Alhamisi, saa tatu asubuhi, ofisi ya elimu ya wilaya.

Miss Donna, hatukupewa nafasi ya kukuzika. Pumzika huko Houston walikokupeleka. Usingizi mwema, mama. Nitasema mwenyewe.