Chupa ya Zaina

Mama Kulthumu hakuwaamini sisimizi wa mjini. Alisema wamezoea kulamba vikombe vya chai na makombo ya keki za Wazungu, ulimi wao umeharibika, ushahidi wao haufai. Sisimizi wake wa kazi walikaa nje ya mji, upande wa Karavia, chini ya kichuguu kikubwa kupita nyumba, mahali ambapo hakuna aliyewahi kudondosha hata chembe ya sukari. Hao tu ndio aliowaruhusu waseme nani mgonjwa na nani mzima.

Kazi hiyo aliirithi kwa mamake, mwanamke wa Maniema aliyefuatana na mume wake fundi wa kofia mpaka Elisabethville, mji ambao wenyeji waliuita Lubumbashi hata wakati ule. Mtu akija na magoti yaliyovimba, au tumbo lililofunga, au kichwa kisichopoa mwaka mzima, Kulthumu alimtazama ulimi, akambinya kucha, akamnusa pumzi bila haya. Akishuku ugonjwa wa sukari, alimtuma alete mkojo ndani ya chupa ya bia. Mkojo ulimwagwa juu ya jani, kando ya kichuguu. Sisimizi wakipita zao, mtu huyo ana lake jingine. Wakikusanyika na kunywa, basi, mambo ni hayo: pombe hakuna, vitamu hakuna, bukari, yaani ugali, kidogo, mboga nyingi, majani machungu ya kuchemsha asubuhi na jioni, na kutembea mpaka jasho litoke.

Mamake mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huo. Ulianza na kidonda kidogo cha kiatu, ukamaliza mguu, kisha ukamaliza mtu. Na mwaka ule wa 1961, Katanga ilipokwisha kujitangaza nchi, ina bendera yake na stempu zake, Kulthumu alikuwa na kidonda cha kiatu mguu wa kushoto, mwezi wa tatu hakifungi, na kiu isiyokata hata amalize mtungi. Alikuwa amepima nusu ya mji, lakini hajajipima yeye. Aliogopa. Hakuna neno jingine la kulipamba jambo hilo.

Asubuhi moja ya Septemba alijikaza. Alikuwa na chupa mbili za wagonjwa: ya Stanislas, karani Mkasai, mtu wa jimbo la Kasai, mwenye magoti mabovu, na ya Léonie, muuza beignets, maandazi ya kukaanga, aliyeumwa kichwa. Akaongeza ya tatu, yake. Chupa zote zilikuwa za bia ile ile, hivyo alizifunga kamba ya buluu shingoni: fundo moja Stanislas, mafundo mawili Léonie, matatu yeye. Akaziweka kwenye kitunga, akafunika kitenge, akashika njia.

Kumbe siasa imemtangulia. Majandarme, askari wa Katanga, walikuwa wameweka kizuizi njiani, hatua mia mbili upande huu wa kichuguu. Hatua mia mbili upande wa pili walikaa askari wa Umoja wa Mataifa, ONU kwa Kifaransa, na kofia zao za buluu, mifuko yao ya mchanga na darubini zao. Majeshi mawili yalikuwa yanakitazama kichuguu cha Mama Kulthumu.

"Mama, simama!" alisema mkubwa wa kizuizi, sajini mmoja mnene anayeitwa Mwape. "Mu kitunga iko nini?"

"Iko mikojo, chef."

Sajini alifunua kitenge, akanusa, akaamini. Lakini macho yake yakaganda kwenye shingo za chupa.

"Na hii kamba? Juu ya nini bulue?"

"Njo kamba fundi wa kushona alinipatia."

"Bulue njo rangi ya ba-ONU!" Akazifungua kamba zote tatu, akazitia mfukoni kama nyara za vita. Kulthumu alipiga kelele, akaapa, akamwita shahidi Mungu na fundi wa kushona. Haikusaidia. Sajini alikuwa amekwisha kufungua daftari, maana alikuwa mtu wa kuandika kila kitu.

"Numéro un, mikojo ya nani?"

"Ya Stanislas, ule karani."

"Deux?"

"Ya Léonie, mama wa beignets."

"Trois?"

Kulthumu alitazama pembeni, kule barabarani ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

"Ya Zaina," alisema. "Wa kule mtaa wa Katuba."

Sajini aliandika, akiinua kila chupa na kushikashika kitako chake kama mtu anayenunua sufuria. Kisha akanywa bia yake iliyobaki, akaenda nyuma ya mti, akarudi na chupa ya nne.

"Na yangu utaweka. Kichwa inanizunguluka."

Hakutaka kusubiri majibu kizuizini. Aliacha bunduki kwa wenzake, akabeba kitunga mwenyewe, akamfuata mama mpaka kichuguuni, na askari wa darubini wakaanza kuandika nao kwa bidii. Kulthumu alitandika majani manne, akamwaga, kila chupa akaisimamisha kando ya jani lake. Wakachuchumaa. Baada ya muda sisimizi walitoka, wakazunguka, wakachagua jani moja tu, wakalifunika mpaka likawa jeusi.

"Ni ya nani?" aliuliza sajini.

Kulthumu alinyoosha mkono kutafuta mafundo. Kamba hakuna. Ndipo risasi ikalia, na upande gani ulianza hakuna ajuaye mpaka leo. Mama alikimbia na kitunga kitupu, sajini alikimbia na chupa nne kifuani.

Vita vilichukua siku nane. Vilipotulia, watu walisema uwanja ule umetegwa mabomu, hakuna wa kukanyaga. Kwa hiyo sisimizi wa kweli hawakufikika, na wale wa mjini Kulthumu hakuwataka. Moyoni alishukuru. Kati ya wanne, mmoja ana sukari, na haijulikani nani. Hapo mtu angeweza kuishi.

Lakini heshima ya kazi ilimsumbua. Aliwaita wagonjwa wake uani, akawaambia kwamba kwa kuwa mmoja ameharibika, wote watatibiwa. Kizuizi nacho kilikuwa kimerudishwa nyuma mpaka mbele ya nyumba yake, hivyo sajini hakuwa na pa kujificha.

"Na Zaina?" aliuliza Mwape.

"Barabara ya Katuba imefungwa. Mi njo nitakula kwa nafasi yake."

Watu wale watatu walitazamana, wakakubali upesi mno kwa wagonjwa.

Ikawa hivyo kwa wiki nane. Kila asubuhi sajini alimwamuru Stanislas aonyeshe karatasi zake, maana Wakasai wote walishukiwa na serikali ya Katanga na walitakiwa kuonyesha karatasi. Stanislas alizitoa, sajini alizisoma mbele na nyuma, kisha wawili hao wakakaa kwenye mkeka mmoja na kunywa majani machungu wakikunja nyuso kwa pamoja. Léonie aliuza beignets bila kulamba hata kidole, na kilio chake kilisikika jirani. Baadaye walitembea kuzunguka nyumba, sajini mbele na bunduki begani, karani nyuma yake, kiasi kwamba wapita njia walidhani Stanislas anakamatwa kila siku. Mama Kulthumu alikula fungu la Zaina, akatembea mwendo wa Zaina.

"Zaina alilala muzuri?" sajini aliuliza kila siku, uso mkavu.

"Alilala."

"Kiu yake?"

"Inapunguka."

"Na muguu?"

Kulthumu alishtuka, kwa sababu habari ya mguu hakumwambia mtu. Akajibu kwamba mguu wa Zaina unafunga vizuri. Na kweli ulikuwa unafunga.

Novemba mvua ilinyesha, njia ya uwanjani ikafunguliwa, na sajini akarudisha chupa nne kwa ajili ya kipimo kipya. Kulthumu alizigeuza azisuuze. Chini ya ile ya kwanza aliyoishika, kwenye kitako kikavu, palikuwa na namba ya chaki, kwa mwandiko wa sajini: 3. Akageuza ya pili: 1. Akasimama na chupa mkononi, maji yanamwagikia miguu.

"Sajini. Siku ile ulijua jani iko ya nani?"

Mwape alifungua daftari, akasoma kama anatoa ripoti. "Numéro trois, Zaina wa Katuba. Minaokota chupa ya ile jani nyeusi, minatazama kitako. Sisimizi banakunywa. Minamutafuta siku tatu, nyumba kwa nyumba, na bunduki. Zaina hapana. Hakuna muntu anamujua."

"Mulijua bote?"

Léonie ndiye aliyejibu.

"Mama, tungekuambia ni wewe, ungesema sisimizi banadanganya."

"Na mulikunywa ile majani wiki nane?"

"Yalikuwa mabaya sana, mama," alisema Léonie, na machozi yakamtoka kwa kuyakumbuka tu.

Kulthumu alikaa kwenye mkeka. Alilia pia, kwa sauti, bila kujali jeshi lililokuwa mlangoni. Alipomaliza alijifuta kwa kitenge.

"Futa Zaina," alimwambia sajini. "Andika Kulthumu."

Mwape alifuta, akaandika, akapuliza wino ukauke. Wakaenda kichuguuni wote wanne, chupa hazina kamba, kila mtu amebeba yake. Sisimizi walitoka. Wawili walipanda jani la Kulthumu, wakasimama kidogo, wakashuka, wakaendelea na safari yao.

Waliporudi, sajini aliomba chai yenye vijiko vinne vya sukari. Kulthumu alimtilia vyote vinne, akimkaripia. Kisha akajimiminia yake mbele ya watu wote, bila sukari.