Anayeshika Upande wa Mchagoni

Kampuni ile ya Ulaya hutengeneza samani ambazo watu huziogopa. Nimewahi kuingia kwenye duka lao nikaona kiti cha ngozi kimewekwa jukwaani, kimemulikwa taa, na mlinzi kasimama kando kuhakikisha hakuna anayekikalia. Nilicheka peke yangu, nikaambiwa kwa upole nishushe sauti. Mwaka uliofuata wakaniandikia wakitaka nifanye nao kazi.

Utaratibu wao ni kuwaoanisha watu. Huchukua mbunifu wa samani mmoja na msanifu majengo mmoja, wakawapa jambo moja la kufikiria, halafu majina ya wote wawili hubandikwa kwenye kile kitakachotengenezwa. Mimi ndiye mbunifu wa samani. Msanifu niliyepangiwa ni mwanamume wa Bukoba anayeishi Dar es Salaam kama mimi, mtu wa kuchora kumbi za benki, mrefu, mwenye maneno machache na tabia ya kugonga kila meza anayokutana nayo ili asikie imetengenezwa kwa mti gani. Jambo tulilopewa lilikuwa kitu cha kupumzikia mchana. Nikasema tufanye kitanda cha kamba, na wala sikuwaza mara mbili, maana kitanda cha kamba kilikuwa kinanikosesha amani.

Kitanda hicho kiko Naipingo, Nachingwea, kwenye nyumba ya wazazi wangu. Baba alikichonga mwenyewe kabla hajaoa. Kina matendegu manne ya mti wa mkongo, mifumbati miwili mirefu ubavuni, na kamba za katani zilizosukwa kutoka upande wa kichwani, mchagoni, hadi miguuni. Watu wa pwani wana jina la utani la kitanda cha namna hii, wanakiita teremka tukaze, kwa kuwa kamba hulegea na aliyelala hana budi kushuka ili ikazwe upya. Kwetu tulikiita kitanda tu.

Kila Ijumaa asubuhi, kabla baba hajaoga kwenda msikitini, yeye na mama walikikaza. Godoro la sufi lilitolewa nje kupigwa jua. Baba alikaa miguuni akivuta kamba uzi baada ya uzi, na mama alisimama mchagoni akibana kila uzi uliokwisha kuvutwa ili usirudi. Ukiwa mmoja huwezi. Ukivuta huku, kule kunalegea.

"Umeshika?" baba aliuliza kila mara.

"Nimeshika. Vuta."

Sisi watoto hatukuruhusiwa kusogea. Tulikaa ukumbini tukisikia maneno hayo mawili yakirudiwa, na katikati yake mambo mengine yote ya nyumba: mbegu za ufuta, harusi ya Marambo, mwalimu aliyemchapa nani. Kulikuwa na wiki ambazo walikuwa wamenuniana, mama akipakua chakula kama anayemrushia mtu mawe. Ijumaa ikifika walikaza kitanda. Walianza kwa "umeshika" na "nimeshika" za kinywa kikavu, na walipofika katikati ya kitanda ungesikia mmoja wao anacheka. Sijui ndoa za watu wengine hutengenezwaje. Ya wazazi wangu ilitengenezwa pale.

Kisha baba akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakawa yanatoka nusunusu, mengine hayatoki kabisa. Kitanda kikaanza kubonyea. Kaka zangu walitaka kukikaza wao, baba akageukia ukutani na kukataa kushuka. Tulimnunulia kitanda cha duka Nachingwea mjini, chenye godoro zito la sponji. Asubuhi tulimkuta amejiburuta hadi kwenye chake. Muuguzi wa hospitali ya misheni aliyekuja kumwangalia alimgeuza ubavu, akatuonyesha ngozi ya nyonga ilivyoanza kuchubuka, akatuambia wazi kwamba mgonjwa wa namna hii akilala kwenye shimo, kidonda kitakula hadi mfupa. Alisema amewazika wengi kwa vidonda vya namna hiyo. Mama alisikiliza yote, akamshukuru, na kitanda kikabaki vilevile. Nilikasirika nao wote wawili kiasi kwamba niliondoka bila kumaliza chai.

Kwa hiyo kampuni ilipotaka kitu cha kupumzikia, mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu: kitanda cha kamba ambacho mtu mwenye mkono mmoja, wa kushoto, anaweza kukikaza mwenyewe. Nilimweleza msanifu ukweli huo siku ya kwanza. Aligonga meza kidogo, akasema, "Basi tuanze na mkono wa mzee. Ulaya watafuata."

Mchoro wetu ulikuwa rahisi. Miguuni tuliweka mti wa mviringo unaozunguka, kamba zote zikaishia hapo. Ubavuni mwa mti huo tukaweka mkono wa kuzungushia, na gurudumu dogo lenye meno. Ulimi mfupi wa mpingo huangukia kwenye meno wenyewe, ukauzuia mti usirudi nyuma. Unazungusha, unapumzika, unazungusha tena. Kamba ya kitanda kizima inakazika mtu akiwa ameketi kwenye kigoda.

Msimamizi wa wabunifu wa kampuni, mama mmoja mpole mwenye miwani mikubwa, alitutazama kwenye skrini ya kompyuta na kuuliza kwa nini mteja akaze.

"Kwa sababu katani hulegea," nikasema.

"Kuna kamba zisizolegea."

"Zipo."

"Wateja wetu hawakazi vitu," akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayekuambia wageni wake hawali pilipili. Hata hivyo alituruhusu tutengeneze sampuli moja, tuone.

Tuliitengenezea Ruangwa. Kule nilikuwa namfahamu fundi seremala mwenye karakana nyuma ya soko, mtu wa Chunyu, mzaha mwingi na patasi kali. Alifurahia kazi ya mpingo. Mti ule ukiuchonga unalia kama chuma, na vumbi lake jeusi lilituingia puani hadi tukawa tunapiga chafya za rangi ya mkaa. Zile siku nazikumbuka kwa raha. Msanifu alikaa juu ya gogo akishikilia gurudumu, fundi akachonga meno moja moja, nami nikasuka kamba nikiwa nimevua viatu. Mchana tulikula ugali na kisamvu kwa mama ntilie wa jirani.

"Kwa hiyo hiki kitalaliwa na matajiri?" fundi aliuliza.

"Kitatazamwa na matajiri," nikamjibu. "Wakichoka kutazama, labda watalala."

"Na huyu mzee wako?"

"Yeye ndiye wa kwanza."

Kitanda kilipokamilika tulikipakia kwenye pikapu tukaelekea Naipingo. Ulikuwa wakati wa ufuta, mafungu yamesimamishwa mashambani yakauke, na uani kwetu maturubai yalikuwa yametandikwa kila mahali. Msanifu alimwamkia mama shikamoo, akaenda kumwamkia baba huku ameinama hadi kitandani, kisha akagonga mfumbati kwa kidole. "Mkongo," akasema. Baba akatabasamu kwa upande wa uso uliobaki mzima. Nilijua hapo kwamba amempenda.

Tukakiweka kitanda kipya chumbani kando ya cha zamani. Tukamkalisha baba kwenye kigoda miguuni, nikauweka mkono wake wa kushoto kwenye mkono wa kuzungushia. Akazungusha. Meno yakalia, ta, ta, ta, na kamba zikapanda taratibu hadi kitanda kikawa ngoma. Nililia. Siyo kwa siri, nililia mbele yao, kwa furaha na kwa kiburi pia, maana nilikuwa nimemweza mtu ambaye hospitali na kaka zangu walishindwa kumweza.

Baba aliuachia mkono wa kuzungushia. Akaangalia mchagoni. Mama alikuwa amesimama pale, mahali pake pa siku zote, mikono imetangulia mbele na vidole vimejikunja kidogo, tayari kubana. Hakukuwa na kitu cha kubana. Akaishusha, akaifuta kwenye khanga.

"Mmefanya vizuri," akasema, akaenda jikoni.

Baba akanyoosha kidole kwenye kitanda cha zamani. Tulimbembeleza, akazidi kunyoosha. Akarudi kulala kwenye shimo lake, nyonga upande ule ule wa kidonda.

Nilimfuata mama jikoni nikiwa nimefura. Nilimkuta anapepeta mchele ambao ulikuwa safi tayari. Nikamwambia yote: kwamba kidonda kitamuua, kwamba nimezunguka kutoka Dar hadi Ruangwa kwa ajili ya kitanda kile, kwamba kama wanataka kufa kwa ukaidi wao waniambie nijue. Aliniacha nimalize. Mama yangu hajawahi kunikatiza nikiwa na hasira, ananiacha niishiwe.

"Kitanda ni kizuri, mwanangu," akasema. "Baba yako amekaza peke yake. Sasa mimi nishike wapi?"



"Tangu augue," akaendelea, macho kwenye ungo, "simsaidii, namhudumia. Namlisha, namwogesha, namgeuza. Hata wewe ukija unaniuliza amekula, amelala? Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kufanya kazi mimi na yeye. Kaka zako walitaka kutunyang'anya. Na wewe umekuja na mashine."

Hakulisema kwa ukali. Afadhali angelisema kwa ukali, ningepata pa kumshika. Nilikaa chini kwenye jamvi nikaanza kumsaidia kuchambua mchele usio na mawe.

Msanifu alinikuta hapo. Nikamsimulia, mama akiwepo, kwa sababu sikuona sababu ya kunong'ona. Alifikiri kidogo, akatoka, akarudi na kipande cha mfuko wa saruji na penseli, akachuchumaa mbele ya mama.

"Mama, ulikuwa unasimama hapa?" akauliza, akichora.

"Hapo. Kulia kidogo. Huko kushoto kuna dirisha, jua linaniumiza macho."

Akasogeza alama kulia kidogo.

Tulimpigia fundi simu. Tulimwambia tunataka kuung'oa ule ulimi unaojiangukia wenyewe kwenye meno. Tukasikia anacheka na kulaani kwa pamoja. "Dada, ule ulimi ndio akili ya kitanda! Ukiutoa, mzee akiachia tu, kamba zote zinarudi."

"Ndiyo," nikasema. "Ndivyo tunavyotaka."

Alikuja kwa pikipiki, begi la vifaa mgongoni, bado anatikisa kichwa. Tuliung'oa ulimi. Mahali pake tulifunga ufito mrefu wa mpingo uliopita kando ya mfumbati, ncha moja ikifika kwenye meno miguuni, nyingine ikitokeza mchagoni, kulia kidogo. Aliyesimama mchagoni akiusukuma, meno yanashikwa. Akiuachia kabla ya kuupigilia kabari mwishoni, mti unarudi na kazi yote inapotea. Tulikiharibu kitanda chetu kwa uangalifu mkubwa, na sijawahi kufanya kazi bora kuliko ile.

Kampuni haikukubali. Msimamizi alitazama video yetu hadi mwisho, akavua miwani, akasema ni kitu cha kugusa moyo, ila mteja anayeishi peke yake atafanyaje.

"Aite jirani," msanifu akajibu. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akimjibu mtu vibaya.

Kilichoingia dukani kina kamba isiyolegea. Mkono wa kuzungushia waliubakiza kwa sababu unapendeza kwenye picha, lakini hauzunguki, umegundishwa. Majina yetu yapo kwenye kibandiko. Nimekiona kwa macho yangu, kimemulikwa taa, na mlinzi yuko kando. Niliudhika siku mbili tatu, kisha nikaacha. Kitanda chao hakimdhuru mtu, na malipo yake yaliniwezesha kumleta yule muuguzi mara kwa mara kuosha kidonda.

Kidonda kilifunga. Kovu lake ni jeusi na linang'aa, mama hulipaka mafuta ya nazi.

Ila nilitaka kusema juu ya ile Ijumaa ya kwanza baada ya kuufunga ufito. Godoro lilikuwa nje juani. Tulikuwa ukumbini, mimi, msanifu na fundi, tumekaa kama watoto waliokatazwa kusogea, mlango wa chumbani uko wazi. Baba alikuwa kwenye kigoda chake, mkono wa kushoto umeshika. Mama alikuwa mchagoni. Baba akazungusha mara moja, akasita, akainua uso. Mdomo ukahangaika. Tangu augue tulikuwa tumezoea kumsaidia kumalizia maneno, na nilijisikia nikitaka kuinuka nimsaidie. Msanifu akaniwekea mkono begani.

Mama alisubiri. Hakumsaidia.

"Umeshika?" baba akasema, neno zima, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nimeshika," mama akajibu. "Vuta."